Nyimbo Zetu Zilizofungiwa Kabatini

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tuliikariri sote tulipokuwa shule ya msingi, tukaiandikia insha, tukapata alama zetu, kisha tukaisahau. Ninaikumbusha leo kwa sababu iko mali moja ya taifa hili, tena mali kubwa, inayopotea mbele ya macho yetu kwa kukosa daftari. Mali hiyo ni nyimbo za dansi zilizotungwa, zikapigwa na kurekodiwa hapa Dar es Salaam na katika miji mingine ya nchi yetu tangu miaka ya 1950 hadi miaka ya 1980. Watu wa nchi za mbali wanazitafuta, wanazisafisha na kuzitoa upya. Sisi tuliozizaa tunaziita zilipendwa, kana kwamba kupendwa kwake kumekwisha.

Mimi ni mtoto wa Kariakoo. Nilikulia katika nyumba ya vyumba sita yenye ua mmoja na redio moja, na redio hiyo ndiyo iliyokuwa mwalimu wangu wa kwanza wa ushairi. Kabla sijajua mizani ni nini, masikio yangu yalikwisha kujua mshororo uliotimia na mshororo uliopungua, kwa kuwasikiliza waimbaji wa NUTA Jazz, wa Western Jazz, wa Kilwa Jazz na wa Safari Trippers. Jumapili, muziki uliopigwa katika ukumbi wa DDC Kariakoo ulitufikia sisi watoto tusioruhusiwa kuingia, nasi tukacheza nje, bure, kwa furaha ambayo sijaipata tena katika kumbi nilizolipia kiingilio.

Hivi karibuni nilipita katika mtaa mmoja wa huko kwetu, si mbali na Msimbazi, nikasimama kwenye kibanda cha kijana anayejaza nyimbo katika flashi. Aliniamkia kwa adabu, nami nikamwitikia. Nikamwomba Georgina.

“Iko humu, mzee,” akasema. “Nakujazia zilipendwa mia tatu kwa pamoja.”

“Aliyeimba ni nani?”

“Hizi ni za wazee wa zamani tu, mzee. Majina hayapo.”

Nilizipitia nyimbo hizo mia tatu katika kompyuta yake. Nyingi zilikuwa na namba tu: wimbo wa kwanza, wa pili, wa kumi na saba. Nyingine zilipewa majina ya bendi zisizozipiga kamwe. Aliyeimba Georgina ni Marijani Rajabu, aliyeitwa Jabali la Muziki, na alizaliwa hapo hapo Kariakoo mwaka 1955. Alifariki mwaka 1995. Kijana yule anauza sauti ya jirani yake wala hamjui. Sikumlaumu. Nani alipata kumwambia?

Sasa natutazame wenzetu wanavyofanya, si kwa kuwaabudu, bali kwa kujipima. Huko Marekani alikuwapo mwimbaji wa roki aitwaye Elvis Presley, aliyerekodi katika studio ndogo ya mjini Memphis mwaka 1954 na kufariki Agosti 1977. Mwaka 1999 kampuni iliyomiliki kanda zake ilianzisha lebo maalumu, Follow That Dream, kwa ajili ya wakusanyaji peke yao. Lebo hiyo haitoi tu nyimbo zilizopata sifa. Inatoa hata majaribio. Wimbo mmoja utausikia katika jaribio la kwanza, la tatu na la saba. Utamsikia mwimbaji akikosea maneno, akicheka, akianza upya. Kila mkanda una tarehe yake, studio yake, na jina la kila mpiga ala aliyekuwamo chumbani siku ile. Kwa ufupi, wana daftari.

Wala nisieleweke kwamba huko kila kitu ni haki. Machi 1973 mwimbaji huyo huyo aliiuzia kampuni yake haki ya malipo ya rekodi zote alizokwisha kufanya, kwa dola milioni 5.4, fedha ambazo aligawana na meneja wake. Baadaye nyimbo hizo za mwanzo ziliuzwa tena na tena, lakini malipo ya rekodi zile yalikuwa yamekwisha kuondoka mikononi mwake. Hivyo ubepari huhifadhi vizuri kile unachotumaini kukiuza, na mara nyingi humpunja aliyekizaa. Nataka mwanafunzi ayashike mambo haya mawili kwa pamoja: kuhifadhi ni kazi moja, na kumtendea haki mtunzi ni kazi nyingine. Wenzetu waliifanya ya kwanza wakalegea katika ya pili. Sisi hatujaimaliza hata moja.

Tuje nyumbani. Salum Abdallah wa Morogoro, aliyezaliwa mwaka 1928, alianzisha kikundi chake mwaka 1948, na kikundi hicho ndicho kilichokuja kuwa Cuban Marimba. Alifariki katika ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, wa Morogoro pia, alizaliwa mwaka 1944, akang'ara na Morogoro Jazz, akaliwakilisha taifa letu katika maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani, mwaka 1970, kisha akaunda Super Volcano. Naye alifariki kwa ajali ya gari, Mombasa, Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34, mwaka mmoja na miezi michache tu baada ya yule Mmarekani. Watu hawa wawili walikuwa na mashabiki Afrika Mashariki nzima. Je, tukitaka kuzisikiliza rekodi zao leo, safi, zikiwa na majina na tarehe, twende wapi?

Tutakwenda ugenini. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri kilichofanya kazi, kwa hiyo bendi zetu zilitegemea makampuni ya Nairobi na Mombasa. Baada ya kifo cha Mbaraka, ni huko Nairobi ulikotolewa mfululizo wa santuri na kanda ulioitwa Ukumbusho. Nyimbo za Salum Abdallah zilitolewa upya Ujerumani, katika diski iliyopewa jina la wimbo wake Ngoma Iendelee. Huko Marekani, katika miaka ya 1980, zilikusanywa nyimbo za bendi zetu za miaka ya 1960 na kuuzwa kwa jina la The Tanzania Sound. Na Ufaransa, katika mfululizo wa Zanzibara ulioanza mwaka 2005, iko diski nzima ya dansi letu la miaka ya 1960 iitwayo Ujamaa. Ndiyo, ndugu msomaji: Ujamaa inauzwa Paris.

Mnunuzi wake ni nani? Ni mkusanyaji, mtu mwenye kabati la santuri nyumbani kwake, anayefurahia mlio wa gitaa na sauti ya tarumbeta. Simcheki, maana yeye amelipa fedha yake kwa kitu ambacho sisi tumekitupa. Lakini maneno hayaelewi. Onyo la mzazi kwa kijana aliyetekwa na anasa za mji, kilio cha mke aliyetelekezwa, shukrani ya mwajiriwa, kejeli kwa tajiri mwenye kiburi: yote hayo kwake ni mlio tu. Kwa hiyo nyimbo zetu zimegawanyika vipande viwili. Mlio uko kwa mgeni asiyeelewa maneno, na lugha iko kwa mwenyeji asiyeupata mlio. Hilo ndilo jambo linaloniuma, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Wako watu ambao wakisikia habari hizi huruka na kupiga kelele, “Wametuibia! Wazungu wametuibia!” Maneno hayo yanapendeza jukwaani, lakini yanatuondolea wajibu. Yako mambo ambayo kweli yalichukuliwa kwa nguvu katika nchi yetu; mifupa na vinyago vya wazee wetu viko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, na sote twajua vilifikaje huko. Santuri hazikuchukuliwa hivyo. Ziliuzwa dukani, zikachakaa, zikatupwa, na aliyeziokota ndiye aliyezitoa upya. Na kama ni lazima wa kulaumiwa atajwe, basi nianze na nafsi yangu.

Mwaka 1996 nilikuwa karani kijana katika masjala ya ofisi moja ya umma hapa jijini. Ofisi ilikuwa inahama. Tuliagizwa kuorodhesha vifaa chakavu ili vifutwe katika daftari la mali na kupelekwa mnadani. Katika stoo tulikuta gramafoni ya klabu ya wafanyakazi na sanduku mbili za santuri ndogo, zile za wimbo mmoja kila upande. Nilizifuta vumbi nikasoma majina: Western Jazz, Kilwa Jazz, Cuban Marimba, Morogoro Jazz. Moyo ulinidunda, kwa kuwa hizo zilikuwa nyimbo za ua wa nyumba yetu. Kisha nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe: “Santuri chakavu, sanduku 2, hazina matumizi.” Nikatia sahihi. Mnunuzi aliitaka gramafoni, akaichukua. Sanduku akaziacha, na mfagizi akazimwaga jalalani pamoja na majani makavu. Hakuna Mzungu aliyekuwapo siku hiyo. Tulikuwapo sisi, wenye mihuri na kalamu, na kila mmoja wetu alizijua nyimbo zile kwa moyo.

Nimeuliza nafsi yangu mara nyingi kwa nini niliandika vile. Jibu ni chungu. Nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne, nami niliamini, kama nilivyofundishwa, kwamba ushairi ni ule uliomo vitabuni na utamaduni ni ule unaochezwa uwanjani siku za sherehe. Santuri za dansi niliziona kuwa starehe tu. Nilizipenda, lakini sikuziheshimu.

Hapa tunakutana na hoja ya pili, ambayo ina wazee wa maana nyuma yake. Wako wasemao kwamba dansi si utamaduni wetu hata kidogo. Kwamba ni rumba na chachacha za kuigwa, zimevishwa kanzu ya Kiswahili. Hoja hii ina asili ya heshima. Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge Desemba 1962 na kutangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba wengi wetu tulikwisha kujua kucheza rumba, chachacha, roki na twisti, na huku hatujui gombe sugu, mangala wala lele mama. Alisema kweli, na kweli ile ilihitajika sana siku zile, kwa maana kasumba ya kudharau vya kwetu ilikuwa nzito vichwani.

Lakini Mwalimu hakusema kwamba taifa lisijifunze kitu kwa wengine. Katika hotuba hiyo hiyo alikubali kwamba taifa lisilotaka kujifunza kutoka kwa mataifa mengine ni taifa la wapumbavu. Alilokataa ni kujifunza hadi kuacha vya kwetu. Sasa tuyatazame madansi yetu kwa kipimo hicho. Ni kweli kwamba vijana wa miaka ya 1930 na 1940 walijifunza midundo ya Cuba kutoka katika santuri zilizojulikana kwa herufi GV. Na santuri hizo za GV zilikuwa nini? Zilikuwa nyimbo zilizokwisha kurekodiwa na kuuzwa ng'ambo, ambazo kampuni ya Kiingereza ilizitoa tena kwa ajili ya soko la Afrika, kuanzia mwaka 1933. Naam, muziki wetu wa dansi wenyewe ulipata mbegu katika matoleo ya pili ya nyimbo za watu wengine! Basi mtu asiseme kwamba kutoa upya wimbo wa kale ni kazi ya kufukua makaburi. Ni kazi ya kuhifadhi mbegu, na mbegu haijui itaota shamba la nani.

Mbegu ile ilipoangukia udongo wetu, haikuota Cuba ya pili. Ilikutana na watu waliokwisha kuzoea kughani, kupiga mafumbo na kujibizana kwa beti. Midundo ilitoka nje. Maneno yalitoka ndani. Mtunzi wa dansi alifanya yale ambayo malenga wetu wamefanya siku zote: alionya, alisifu, alilia, alifumba. Ndiyo maana bendi zetu zikawa za umma kwa maana kamili ya neno hilo. Wafanyakazi walikuwa na bendi yao, NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ambayo baadaye ikawa Juwata, kisha OTTU, kisha Msondo Ngoma. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi. Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa walikuwa na bendi. Shirika la Bima lilikuwa na bendi. Ni mataifa mangapi duniani yalipata kuwa na wanamuziki walioajiriwa na kiwanda cha khanga au na kampuni ya mabasi ya jiji? Jambo hilo peke yake lingetosha kuandikiwa vitabu.

Tena bendi hizo zilirekodi wapi? Redio Tanzania Dar es Salaam, katika studio zake za Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Bendi nzima iliingia chumbani ikapiga kwa wakati mmoja. Maneno ya nyimbo yalipitiwa kwanza kabla ya kukubaliwa. Basi tuweke hesabu sawa: mpigaji alikuwa mwajiriwa wa chombo cha umma, fundi mitambo alikuwa mwajiriwa wa umma, na mkanda ulinunuliwa kwa fedha ya umma. Nyimbo zile zina wenyewe wawili tu, yaani watunzi wake na wananchi. Mkusanyaji si mwenyewe. Na mwenye ufunguo wa kabati naye si mwenyewe; yeye ni mlinzi.

Najua kwamba walinzi hao wamefanya kazi ya maana. Mikanda ya redio ingalipo kwa sababu wako mafundi waliokataa kuitupa, hata pale ambapo mkanda mpya ulikuwa haba na kishawishi cha kufuta wa zamani kilikuwa kikubwa. Taifa lina deni kwao. Lakini ulinzi wa kufunga mlango hautoshi. Mkanda wa sauti ni utepe uliopakwa unga wa sumaku kwa gundi, na gundi hiyo hudhoofika katika joto na unyevu kama wa pwani yetu. Siku ikifika, utepe hunata na unga hubanduka, na sauti hubanduka pamoja nao. Mashine za kuuchezea zinapungua, na mafundi wanaozijua wanastaafu. Jengo la soko letu la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli, liliungua Julai 2021, na jengo huweza kukarabatiwa. Sauti ya marehemu ikishaungua haikarabatiwi na fundi yeyote.

Hoja ya tatu ni ya vijana, nami naisikiliza kwa upole. Wanasema, “Nyimbo hizi hazijapotea, mzee. Zimo katika simu na katika flashi za Kariakoo. Wananchi wamejihifadhia wenyewe.” Hoja hii ina ukweli, tena naikubali kwa moyo: pasingekuwa na wanakili wa mitaani, nyimbo nyingi tusingezisikia kabisa. Lakini kunakili si kuhifadhi. Wimbo uliokosa jina la mtunzi ni yatima, na yatima hunyang'anywa urithi. Mfano mnao. Wimbo wa Malaika unajulikana dunia nzima, lakini nani aliutunga? Fadhili William wa Kenya aliurekodi na kuusimamia kuwa wake. Wengine wakamtaja Grant Charo. Na hapa kwetu wapo wanaomtaja Adam Salim. Ubishi huo haujakwisha, na wote hao wamekwisha kufariki. Kalamu moja na karatasi moja, siku ile ya kwanza, vingetuepusha na ubishi wote.

Jina la mtunzi si heshima tu. Ni chakula cha watoto wake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliweka kwamba haki ya mtunzi hudumu katika uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake. Fanyeni hesabu pamoja nami. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965: kwa kipimo hicho haki ya tungo zake ilikoma mwisho wa mwaka 2015, na miaka 50 yote ilipita bila sisi kuchapa kitabu kimoja cha maneno yake kilichowanufaisha warithi. Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979: muda wake unafika mwisho wa mwaka 2029. Marijani Rajabu alifariki mwaka 1995: wake ni mwisho wa mwaka 2045. Haki ya mtunzi ni tofauti na haki ya mpigaji na ya mwenye mkanda, nalo hilo lapasa kufafanuliwa na wanasheria. Lakini saa inakwenda kwa wote. Tukikaa kimya, sheria haitatungoja. Siku itafika ambapo nyimbo zitakuwa huru kuchukuliwa na yeyote, na warithi watakuwa hawajapata hata senti ya shukrani.

Basi tufanye nini? Sipendekezi makuu. Sitaki jumba jipya wala kamati ya kusafiri. Nataka mambo manne.

La kwanza ni daftari. Mikanda yote iliyomo katika hazina za umma iorodheshwe: wimbo, bendi, mtunzi, waimbaji, tarehe. Orodha hiyo ichapishwe na kuwekwa wazi kwa kila mwananchi. Mtu akijua kilichomo kabatini, ndipo atakapoweza kudai kifunguliwe, na ndipo mgeni atakapojua wa kumlipa.

La pili ni matoleo yetu wenyewe. Nyimbo zihamishwe kutoka katika utepe unaooza, zisafishwe bila kupotoshwa, zitolewe hapa kwa bei ya mwalimu na mwanafunzi, maneno yake yakiwa yameandikwa kwa Kiswahili sanifu kando ya kila wimbo. Mgeni akitaka kushirikiana nasi, karibu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini apone kweli, asiachiwe kusindikiza msafara.

La tatu ni malipo. Hakuna toleo litakalotoka kabla ya mtunzi au warithi wake kutafutwa na kuandikiana nao mkataba wanaouelewa, kwa lugha wanayoielewa. Tusiurudie mkataba wa yule Mmarekani wa mwaka 1973, seuze mkataba wa mdomo uliomaliza wanamuziki wetu wengi.

La nne ni lenu, walimu na wanafunzi, na halihitaji kibali cha mtu. Katika somo la fasihi mnafundishwa kwamba wimbo ni utanzu wa ushairi. Mkiombwa mfano, mnataja wimbo wa jando, wa mavuno, wa kubembeleza mtoto. Ni vizuri. Tajeni na wa dansi pia. Sikilizeni wimbo mmoja, andikeni maneno yake, hesabuni mizani yake, tafuteni fumbo lake. Kisha ulizeni mtaani ni nani aliyepiga gitaa lile. Hapa mjini bado wako wazee waliopiga tarumbeta katika bendi za umma, wanakaa barazani, hakuna anayewauliza. Muhiddin Maalim Gurumo aliimba NUTA, akaimba Mlimani Park, akaimba kwa takriban nusu karne, akafariki mwaka 2014. Ni shule ngapi zilipata kumwita akae mbele ya darasa asimulie? Mwandikieni aliye hai, kwa maana marehemu hajibu hojaji.

Tunaye wa kutufundisha jambo hili. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, sauti ya kwanza ya mwanamke wa kwetu kuvuka bahari na kurudi katika santuri. Watu wengi sana waliimba zama zake. Kwa nini tunamjua yeye hata vijana wasiopata kuisikia sauti yake wanalitaja jina lake? Kwa sababu Shaaban Robert, mtumishi wa serikali na mshairi, alikaa akaandika wasifu wake. Alikuwa na kalamu tu. Nami nilikuwa na kalamu mwaka 1996, nikaitumia kuandika “hazina matumizi.” Tofauti ya kalamu mbili hizo ndiyo somo langu lote, na nimelichelewa.

Nimalizie kwa beti mbili, kama ilivyo desturi yetu.

Wimbo hautafukiwa, na mtunzi kaburini,
Neno likihifadhiwa, hudumu masikioni,
Wageni wamechukuwa, vilivyotupwa jaani,
Kabati zifunguliwe, ngoma irudi nyumbani.

Mwalimu shika kalamu, nawe kijana sikiza,
Wazee wangali humu, kesho hutawauliza,
Jina la fundi adhimu, lisije mezwa na kiza,
Kabati zifunguliwe, ngoma irudi nyumbani.